Tangu binti yetu azaliwe, hadithi yangu imekwama kivukoni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mchana ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, usiku ni mtunzi wa simulizi. Natuma sehemu moja moja kwenye kundi la WhatsApp, na wanaotaka kuendelea hunitumia hela kwa simu. Si hela nyingi. Lakini ile raha ya kujua kuna watu wanakusubiri, Shangazi, sijui niieleze vipi. Saa tatu usiku ikipita kimya, kundi zima linaamka: "Mtunzi vipi, leo umetususa?"

Mwenyezi Mungu ametujalia mtoto wa kwanza, wa kike. Sasa ana miezi mitatu na siku kidogo. Kazini walinipa siku tatu za kuwa na mke wangu alipojifungua, kisha yeye akaenda kukaa arobaini kwa mama yake Pangani. Nilikuwa nawafuata Jumapili asubuhi na kurudi jioni. Kipindi kile niliandika sana, tena kwa furaha, nikajiona nimeweza: baba na mtunzi kwa pamoja.

Mambo yalianza waliporudi. Tunaishi chumba na sebule. Cherehani ya mke wangu tumeifunika kanga na juu yake tumeweka beseni la nepi, kwa hiyo sebule imebanana, ila meza yangu ya kuandikia bado ipo pale dirishani. Tatizo ni kwamba nikikaa, mtoto analia. Akinyamaza, mimi mawazo yameshanitoka. Nikisema niandike usiku wa manane, kesho yake naandika mifuko ya simenti mara mbili kwenye daftari la stoo na bosi ananiangalia vibaya. Zamani kodi ilikuwa inatoka kwenye mishono ya mke wangu, sasa kila kitu kipo juu yangu, kwa hiyo kazi siwezi kuichezea.

Simulizi niliyokuwa naiandika ni ya binti mmoja wa miaka ya tisini anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Nilimfikisha kwenye kivuko cha Pangani, anataka kuvuka kwenda Bweni. Mpaka leo hajavuka. Wasomaji wananitania kwamba amezeekea pale, na wengine walishalipia mpaka mwisho wa hadithi.

Nikaona badala ya kukaa kimya niwaandikie maisha yangu halisi. Nikaandika jinsi mtoto alivyozaliwa, jinsi tusivyolala, na jinsi mke wangu anavyolia akinyonyesha bila sababu ninayoijua mimi. Shangazi, ilipendwa kuliko simulizi zangu zote. Ilipelekwa makundi mengine, ikafika kwa dada wa mke wangu huko Muheza, na dada yake akamrudishia mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe unaniona nikilia, ila unaandika." Tangu siku hiyo tunasemeshana yale ya lazima.

Huwa namfikiria Shaaban Robert. Naye alikuwa karani, alikuwa na watoto, na vitabu vyake tunasoma mpaka leo. Mimi nimeshindwa nini?

Naomba unijibu. Niache kuandika mpaka mtoto akue? Je, ni kosa mtunzi kuandika mambo ya nyumbani kwake? Na jambo dogo la mwisho: nilitaka kumpa yule binti wa hadithi jina la mwanangu, iwe kumbukumbu. Unaonaje?

Mtunzi Asiyelala, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu amkuze binti yenu, awe wa kheri kwenu.

Umeuliza maswali matatu, ila lililo kubwa kuliko yote hukuliuliza, basi nitaanza nalo. Ni machozi ya mkeo.

Mwanamke aliyetoka kujifungua hulia, na mara nyingi si jambo la kutisha. Homoni zilizopanda wakati wa mimba hushuka kwa mkupuo, usingizi hakuna, matiti yanauma, na nyumba imejaa watu wanaomtazama mtoto na kumsahau mama. Machozi ya namna hiyo huja siku chache baada ya kujifungua na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Mkeo ana miezi mitatu tangu ajifungue. Pengine ni uchovu na hasira juu yako, na hasira hiyo ana haki nayo. Pengine ni sonona ya baada ya kujifungua, yaani huzuni nzito isiyoisha yenyewe, nayo ni maradhi yenye tiba. Usikubali mtu akwambie ni uvivu, au majini, au kukosa shukrani kwa neema ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wanawake 13 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi hiyo inakaribia 20. Kwa hiyo katika mtaa wako tu, mkeo hayuko peke yake, ila kila mmoja analilia chumbani kwake.

Kwa umri uliotaja, mtoto yuko kwenye chanjo za wiki ya 14 au anazikaribia. Tazama kadi ya kliniki. Omba ruhusa ya nusu siku uende nao, na kazi yako pale iwe kumbeba mtoto, ili mama yake apate nafasi ya kukaa na muuguzi na kusema yaliyo moyoni. Usimsemee. Mwanamume akimsemea mkewe mbele ya muuguzi, muuguzi humsikiliza mwanamume. Kabla ya siku hiyo, mwambie kwa maneno mafupi kwamba ulimwona akilia na ilikupasa umuulize kabla ya kuandika, kisha unyamaze umsikilize. Najua watunzi kunyamaza kunawasumbua.

Na hili ulishike vizuri: akikwambia anatamani afe, au anaogopa atamdhuru mtoto, au akianza kusikia na kuona vitu ambavyo wewe huvioni, msingoje tarehe ya kliniki. Siku hiyo hiyo hospitali, iwe Bombo au yoyote iliyo karibu, na usimwache peke yake.

Nawe jitazame. Sonona huwapata akina baba pia, na kwao mara nyingi hujionyesha kwa ukali, ukimya, au kukimbilia kazi na simu. Sisemi unayo. Nasema hasira ya mtu asiyelala na hasira ya mgonjwa zinafanana, na anayeweza kuzitofautisha ni daktari.

Sasa nije kwenye hilo la kuandika.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kilichonishika ni cherehani. Umeitaja kwa sababu inakubania sebule. Imefunikwa kanga, juu kuna beseni la nepi, na wewe umepita. Chini kidogo unaniambia, pia kwa kupita tu, kwamba kodi ya nyumba ilikuwa inatoka kwenye hiyo hiyo cherehani. Meza yako iko dirishani, ya kwake imekuwa rafu ya nepi. Nyumba yenu ina mafundi wawili waliosimama kazi, mwanangu, na aliyeandika barua ni mmoja.

Unajua ushonaji. Mteja wa dera au wa nguo ya Idi hamngoji fundi miezi mitatu, anavuka barabara anaenda kwa fundi mwingine, na akizoea huko harudi. Wasomaji wako wanakutania kwa mapenzi, tena wamekulipa kabla. Wateja wake wameondoka kimya kimya. Sitashangaa ikiwa anapolia akinyonyesha, macho yake yanatazama ile kanga.

Na siku tatu ulizopewa si ukarimu wa bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba angalau siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Mama aliyeajiriwa anapata siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Fundi anayeshonea nyumbani kwake hana mwajiri, basi hana hata siku moja kati ya hizo. Likizo yake na saa zake za kazi atazipata kwako, au hatazipata kabisa.

Shaaban Robert umemtaja vizuri, maana ni wetu: alizaliwa 1909 Vibambani, kule Machui, na mwaka 1926 akaanza ukarani wa forodha, akaendelea na kazi za serikali kwa miaka mingi huku akiandika. Hilo ni kweli na linatia moyo. Lakini unapomfikiria, usifikirie meza na taa peke yake. Fikiria pia kwamba nyumba ya mtumishi wa zama zile ilikuwa na mikono mingine ambayo haikuandikiwa kitabu. Wewe huna mikono hiyo. Mna chumba na sebule, na mama mkwe yuko Pangani. Kwa hiyo swali la "nimeshindwa nini" halina maana kubwa, kwa sababu hamkuanza mstari mmoja.

Kama unataka mfano wa utunzi wa nyumba yenye mtoto mchanga, usiutafute vitabuni. Mwendee bibi yeyote wa Makorora akuimbie nyimbo alizobembelezea watoto wake. Utakuta mna vina, mna mafumbo kwa mume aliyechelewa kurudi, mna na kijembe kidogo kwa wifi. Hakuna aliyekaa mezani kutunga wimbo ule. Ulitungwa chungu kikiwa mekoni na mtoto mgongoni, mstari mmoja leo, mwingine kesho, na ukidumu mdomoni ndio umekubalika. Wanawake wa pwani hii wametunga hivyo tangu zamani na hatukuwahi kuwaita watunzi. Vijana wa siku hizi mmefundishwa kwamba utunzi unataka ukimya, mlango uliofungwa na kitu mnachokiita msukumo. Ukimya ni anasa. Ukiupata ushukuru, ukiukosa usifunge duka.

Basi usiache kuandika. Baba aliyeacha kazi ya moyo wake kwa ajili ya mtoto humdai mtoto huyo mpaka ukubwani, na mtoto hajui deni lilianzia wapi. Lakini simulizi ya kila usiku saa tatu iache, kwa sababu hiyo ilikuwa ya kijana asiye na mtoto. Waambie wasomaji wako kwamba sasa ni sehemu moja kwa wiki, siku fulani, na ufuate. Aliyelipia mpaka mwisho na hataki kungoja, mrudishie hela yake bila maneno. Watakaobaki ndio wako.

Saa za kuandika utazipata ukishampa mkeo za kwake, na ufuate mpangilio huo, usiugeuze. Najua huwezi kunyonyesha, na mpaka miezi sita mtoto anatakiwa apate maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Yaliyobaki yote unayaweza. Unaweza kumpigapiga mgongo acheue, kumwogesha, kumbadilisha, kufua nepi, na kumtembeza mpaka alale. Adhana ya alfajiri ikikuamsha, mchukue mtoto akishanyonya, ufunge mlango wa chumba, na mama yake alale mpaka utakapojiandaa kwenda dukani. Usingizi huo wa asubuhi, usiokatwa, unaweza kumfaa kuliko zawadi yoyote utakayomnunulia. Jioni gawaneni: siku hii wewe una mtoto na yeye yuko kwenye cherehani, siku ile yeye ana mtoto na wewe uko mezani. Zamu ya kwanza iwe ya cherehani. Beseni la nepi lihamishie kwenye meza yako.

Kwa siku zako za kubeba, jifunge mbeleko utoke. Ndiyo, mwanamume, na kanga, Ngamiani. Watakucheka wiki moja kisha watamgeukia mwingine. Mtoto hupenda mwendo, na watunzi wengi pia miguu ikienda akili hufunguka. Tembea naye mpaka upande wa bahari kukipoa, simu mfukoni, na sentensi ikija iseme kwenye kinasa sauti cha simu. Usiandike unapotembea, bodaboda za mji huu hazina huruma. Ukikaa mezani zamu yako ikifika, huanzi na ukurasa mtupu, unanakili sauti yako mwenyewe. Utashangaa pia kwamba maneno yaliyosemwa kwa kunong'ona ili mtoto asiamke yana unyoofu ambao yale ya saa tatu usiku hayakuwa nao. Nimesoma vipande ulivyonitumia pamoja na barua. Vile vya kabla ya mtoto vimejaa mapambo, kila jua linazama kwa sentensi nne. Kile ulichoandika juu ya mtoto hakina pambo hata moja, ndiyo maana kilipendwa.

Ambalo linatuleta kwenye swali lako la pili, nalo ni gumu kuliko unavyodhani, kwa sababu kilichokuwa kizuri ndicho kilichomuumiza mtu.

Mambo ya nyumbani yanaandikika. Fasihi ingebaki na nini yakiondolewa? Lakini uliyemwandika alikuwa hai, yuko chumba cha pili, kifua wazi, analia, na hakujua kwamba anatazamwa na kundi zima. Hukubadilisha jina wala hukumuuliza, na ulipokea sifa kwa machozi ambayo hukuyafuta. Alichokwambia mkeo, hata mhariri mzuri asingekupa maoni makali kuliko hayo.

Rudi kwa huyo huyo Shaaban Robert. Alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi, na watoto wake wawili, wa kike na wa kiume, kila mmoja alimtungia utenzi wa wosia. Tazama anakosimama katika tenzi zile: anazungumza na mwanawe, anamwachia kitu atakachokitumia akikua. Hasimami mlangoni akiwasimulia majirani mtoto wake amefanya nini leo. Wewe una daftari? Kama huna, nunua. Andika humo kila kitu, usiku unavyonuka maziwa, hofu yako, mkeo anavyokasirika, yote, bila kumtumia mtu. Mwandikie binti yako humo kama unataka. Kitakachotoka nje kipite kwanza kwa mama yake, asome yeye, afute anachotaka, na akifuta usilalamike wala usimwambie kwamba hapo ndipo palikuwa patamu.

Na ile iliyokwisha kutoka, ifute kwenye kundi lako na uwaombe wenye makundi mengine waifute. Haitafutika kote. Fanya hivyo hata hivyo, na umwonyeshe kwamba umefanya.

Mama mkwe usimsahau. Msimu wa Idi ukikaribia na mkeo akipata mishono, nenda Pangani mwenyewe, ukiwa na chochote mkononi, umwombe aje akae nanyi siku kadhaa. Usipige simu. Na akija akikukuta na mbeleko mgongoni, atakuwa na cha kuhadithia huko kwao.

Kuhusu jina, hapana. Huyo binti wako wa kivukoni, kwa vipande nilivyosoma, ana wachumba watatu na wa nne anamnyemelea kwenye pantoni. Mwanao akifika darasa la saba wenzake watakuwa na simu, na simulizi za mtandaoni hazizeeki. Mpe jina lingine, umvushe Bweni wiki hii, hao wachumba waachwe ng'ambo ya huku.

Shangazi